Moto Wenye Marejesho

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa pamoja wa vikundi vya kuweka na kukopa hapa Morogoro mjini. Wapo waliokuwa msibani siku ile, na wapo waliobaki sokoni kulinda biashara. Wameniomba niiandike yote, nami nimeiandika kama nilivyoisema, pamoja na pale nilipokatizwa.

Mwenyekiti wetu, makatibu na waweka hazina, mama zangu, dada zangu, akina baba mliokuja kutuunga mkono, nanyi wanangu mliosimama mlangoni kwa kukosa viti: shikamooni wakubwa zangu. Wengine wote hamjambo?

Kabla sijaanza, naomba mshuhudie jambo. Hapa mezani kuna jiko la umeme la presha. Dada yetu mweka hazina alinunua maharage nusu kilo jana pale soko la Chifu Kingalu, akayaloweka usiku. Sasa hivi ameyatia jikoni na maji yake na nusu kitunguu, amefunga mfuniko. Kati ya jiko na soketi tumechomeka kimita kidogo kinachohesabu umeme. Dada, tusomee kwa sauti. Mmemsikia? Sifuri. Haya, washa, uketi. Tutalirudia.

Mimi nimefundisha fizikia miaka 31. Mwenyekiti aliponifuata nyumbani aliniambia, "Mwalimu, njoo utueleze hii nishati jadidifu na gesi ya ukaa tunayoisikia redioni kila siku, ila usituletee mambo ya ubaoni." Nikamuuliza, "Mwenyekiti, kikundi kikifa, huwa kimeuawa na nini?" Akajibu hata hajafikiri: "Marejesho, mwalimu. Watu wanakopa, hawarejeshi." Nikamwambia hotuba nimeshaipata.

Kwa sababu moto wote duniani ni mkopo. Moto wote! Ukiwasha kuni, umekopa jua ambalo mti ulilinywa miaka 20 iliyopita. Ukiwasha taa ya umeme wa maji, umekopa mvua ya masika. Ukitia petroli kwenye bodaboda, umekopa jua lililowaka kabla hajazaliwa binadamu yeyote, likanywewa na viumbe vidogo vya baharini, vikafa, vikafukiwa, vikakandamizwa na kupikwa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka mpaka vikawa mafuta. Sasa ninyi wataalamu wa mikopo niambieni: mtu akija kukopa, mnamuuliza nini? Anataka kiasi gani, ndiyo. Lakini swali lenye uzito ni lipi? Atarejesha lini!

Jua linarejesha kesho asubuhi. Upepo unarejesha jioni hiihii. Mvua inarejesha masika, au vuli, ingawa siku hizi nayo imeanza kuchelewesha. Mti unarejesha ukiachiwa miaka yake. Petroli, dizeli na makaa ya mawe havirejeshi, wala si kwako wala si kwa mjukuu wa mjukuu wako. Hiyo ndiyo nishati jadidifu, mama zangu. Ni nishati yenye marejesho.

Sasa, kila mkopo usiolipwa unaacha deni mahali. Deni la petroli na makaa ya mawe limekaa wapi? Limekaa hewani. Nitawasimulia.

Mwaka 1856, huko Marekani, mwanamke mmoja aitwaye Eunice Foote alifanya jaribio ambalo yeyote kati yenu angeweza kulifanya uani kwake. Alichukua mitungi miwili ya kioo, kila mmoja ameutia kipimajoto. Mmoja aliujaza hewa ya kawaida, mwingine gesi ya ukaa, ileile tunayoitoa puani na inayotoka kwenye moto. Akaianika juani. Mtungi wenye gesi ya ukaa ukapata joto kuliko mwenzake. Akaiondoa juani akaiweka kivulini, na mtungi ule wa gesi ukachelewa kupoa, ukachelewa mno. Mama yule akaandika kwamba dunia ikizungukwa na hewa yenye gesi hiyo kwa wingi, itakuwa na joto kali zaidi. Alisema hivyo mwaka 1856! Andiko lake likasomwa kwenye mkutano wa wanasayansi huko Albany, likasomwa na mwanamume, kisha jina lake likasahauliwa kwa zaidi ya miaka 150. Nimefundisha miaka yote ile bila kulijua jina hilo, maana halikuwamo kwenye vitabu vyetu, na wasichana wangu darasani walistahili kulijua.

Wakati wa mama huyo, katika kila sehemu milioni moja za hewa, kama 280 tu na ushei ndizo zilikuwa gesi ya ukaa. Leo zimepita 420. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko mwaka wowote tangu vipimo vianze kuwekwa. Na hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, kiasi cha asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, kwa hiyo mvua ikiamua kushuka, inashuka yote kwa pamoja.

Wangapi hapa mna ndugu Kilosa? Naona mikono. Mnakumbuka mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, mto Mkondoa ulipovunja kingo? Watu wengi walilala kwenye mahema, reli ya kati ikang'olewa na maji, mataruma yakabaki yananing'inia. Siwezi kusimama hapa nikasema mafuriko yale yaliletwa na gesi ya ukaa peke yake. Kingo zilikuwa zimechoka, na vilima vya juu vilikuwa vimekatwa miti. Ninachosema ni kwamba kila tukikata mlima na kila dunia ikiongeza joto, maji yanapata ruhusa mbili badala ya moja.

Kijana mmoja hapo mlangoni ameinua mkono. Sema mwanangu. Anauliza: "Mwalimu, hiyo gesi ya ukaa tumeimwaga sisi? Si wenye viwanda?" Swali la haki. Afrika nzima, pamoja na watu wake wote ambao ni karibu mmoja katika kila watu sita duniani, inatoa chini ya sehemu 4 katika kila 100 za gesi hiyo. Deni ni la wengine, na faini tunalipishwa sisi. Lazima tulidai, na viongozi wetu wakienda kwenye mikutano ya dunia wasirudi mikono mitupu. Lakini mwanangu, sikuja hapa leo kuwaomba mama zako waokoe anga la Ulaya. Nimekuja kusema habari ya mifuko yao, mapafu yao na vilima vyao. Anga likinufaika pia, na linufaike.

Tuingie jikoni basi.

Watu wakisema nishati, akili inakimbilia nguzo na nyaya. Lakini chungulieni nyumba zetu. Taa inakula kidogo, redio kidogo, simu ndiyo kabisa. Kinachokula ni chungu! Moto mwingi unaowaka nchi hii unawaka chini ya sufuria, na unawaka kwa kuni na mkaa.

Nina mwanafunzi wangu wa zamani ambaye leo anachoma mkaa. Alikuwa hodari wa hesabu, baba yake akafariki akiwa kidato cha pili. Miaka michache iliyopita nilikutana naye kando ya barabara ya Dodoma, amesimama na magunia yake, lumbesa zimefungwa kwa nyasi juu. Nikamwomba anionyeshe kazi yake, akanipeleka porini.

Nilikaa pale mchana kutwa. Anakata mti kwa shoka, anaukatakata, anayalaza magogo yakibanana, makubwa katikati, madogo juu na pembeni. Anafunika kwa majani mabichi, halafu udongo, mpaka tanuru linakuwa kama kaburi refu. Anaacha mlango wa kutilia moto na matundu ya kupumulia. Halafu anakaa kusoma moshi. Moshi mzito mweupe, mti unatoa maji. Moshi ukiwa mwembamba wa bluu, mkaa unaiva. Analala palepale usiku, kwa sababu udongo ukipasuka akiwa usingizini, hewa inaingia, na asubuhi anakuta majivu. Alinionyesha mguu wake, ugoko wote ni kovu. Aliwahi kupanda juu ya tanuru kuziba ufa, likatitia.

Nikamuuliza kama mwalimu wa zamani: "Kilo 100 za mti zinakupa kilo ngapi za mkaa?" Akacheka, akasema miti ikiwa mizuri na tanuru likitulia, 20. Likisumbua, 10. Mmesikia? Kilo 80 au 90 za mti zimekwenda angani kabla mkaa haujafika sokoni! Halafu akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Mwalimu, nilipoanza, miti ilikuwa nyuma ya nyumba. Leo natembea mwendo wa saa tatu."

Saa tatu. Hilo ndilo deni.

Sasa sikilizeni, maana hapa wengi hukosea. Mtu atasema, mti ni nishati jadidifu, unaota tena. Ni kweli. Mti unarejesha, ukipewa muda wake. Huko Kilosa kuna vijiji vilivyofundishwa kuvuna mkaa kwa mpango: msitu wa kijiji unagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, wanakata kimoja na kuruka kinachofuata kama ubao wa drafti, visiki vinaachwa vichipue, na kitalu kilichokatwa hakiguswi tena kwa miaka 24. Ushuru unabaki kijijini. Mkaa wa namna hiyo una marejesho, na mimi siulaumu. Lakini niambieni, gunia lililoko nyuma ya nyumba yako sasa hivi limetoka kwenye kitalu cha miaka 24? Serikali yenyewe inasema nchi inapoteza hekta zaidi ya 400,000 za misitu kila mwaka. Huko ni kukopa bila daftari.

Na kuna deni jingine, la mapafu. Mama yangu mzazi alipikia mafiga matatu maisha yake yote, chumba kidogo cha udongo, dirisha la kupenya mkono. Sisi watoto tulijua ameamka kwa kikohozi chake. Hatukuhitaji jogoo. Mashina ya paa yalikuwa yamepakwa masizi yanayong'aa kama lami, na nyakati za mvua yalidondoka matone meusi kwenye unga. Alipozidiwa tukampeleka hospitali, na daktari aliyempima alinivuta pembeni akaniuliza, "Mama alivuta sigara miaka mingapi?" Mama yangu hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Alivuta ugali wetu. Alivuta chai yetu ya asubuhi na uji wa wadogo zangu, na maji ya kuoga ya baba.

Samahani. Naendelea.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 kwa mwaka 2020, na humo watoto wadogo ni wengi. Kwa nchi yetu, takwimu inayotajwa na Serikali ni watu zaidi ya 33,000 kila mwaka. Ingekuwa ni ajali za barabarani tungekuwa tumeandamana.

Sasa fedha. Mnajua mikopo kausha damu, ile ya riba ya kunyonya? (Hapa ukumbi uliguna wote.) Kausha damu inakukamata kwa udogo wake. Ni kidogo, ni cha leo, kinalipika. Mkaa wa kopo ni vivyo hivyo. Mama mwenye familia ya kawaida hapa mjini, kwa siku kopo za shilingi ngapi? Mmoja anasema buku. Wengine wanamkatalia, wanasema buku mbili haitoshi. Tuchukue buku mbili. Kwa mwezi ni 60,000. Kwa mwaka ni 720,000. Laki saba na ishirini, dada zangu! Kwenye kikundi chenu hizo ni hisa ngapi? Na hukuona zikitoka, kwa sababu zilitoka kopo kwa kopo.

Nije kwenye umeme sasa, na hapa watu wa Morogoro tuna la kujivunia na la kuulizia.

Mkoa huu ni moyo wa umeme wa nchi. Kidatu ni kwetu, megawati 204, tangu miaka ya 1970. Kihansi ipo kwenye milima ya Udzungwa, megawati 180. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji linakunywa maji ya Kilombero na Ruaha Mkuu, maji ya kwetu haya: mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024.

Lakini maji nayo ni mkopaji wa kuangaliwa. Mnaukumbuka mgao wa umeme wa 2006? Mvua zilikataa, bwawa la Mtera likapungua maji mpaka mitambo yake ikasimama, vinyozi wakarudi kwenye mikasi, na wanafunzi wangu wa bweni wakawa wanajisomea kwa vibatari, asubuhi wanaingia darasani na masizi puani. Oktoba 2015 ikatokea tena, safari hii mitambo yote ya maji nchini ikazimwa kwa ukame. Umeme wa maji hauna moshi, ila unategemea mvua, na mvua inategemea hali ya hewa tunayoiharibu na misitu tunayoikata. Yule kijana wangu wa tanuru akikata miti ya juu, taa ya chini inafifia. Ndiyo maana mtu wa hisa hawekezi zote kwenye biashara moja. Maji peke yake hayatoshi, tunahitaji na jua, na upepo, na mvuke wa ardhini.

Na tuseme ukweli wote: hata umeme safi una gharama yake. Kihansi palikuwa na chura mdogo, mwili wake kama ukucha wa kidole gumba, wa rangi ya dhahabu. Anazaa watoto kamili bila kupitia hatua ya kiluwiluwi. Aligunduliwa mwaka 1996, na duniani kote aliishi bonde lile moja tu, kwenye manyunyu ya maporomoko. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Wanasayansi wakawahi kuchukua chura 499 mwaka 2000 wakawapeleka Marekani kuwalea, na huku porini wakatoweka. Mwaka 2010 chura 100 wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nawasimulieni haya kwa sababu simwamini mtu anayeniambia kuna nishati isiyodai chochote. Majirani zetu Kenya walijenga minara ya upepo 365 kule Marsabit karibu na ziwa Turkana, megawati 310, kazi nzuri kabisa. Lakini minara ikakaa zaidi ya mwaka bila kutoa umeme ikingoja nyaya za kufika kituo cha umeme cha Suswa, na mwaka 2021 mahakama ya Meru ikasema hati za ardhi ile hazikutolewa kwa kufuata sheria. Upepo ni wa bure. Ardhi ina wenyewe, na wenyewe lazima waulizwe.

Hao hao Kenya wametufundisha jambo jingine. Olkaria, bonde la ufa, walichimba kisima cha kwanza miaka ya 1950, wakangoja, wakapata umeme mwaka 1981, megawati 15 tu. Leo mvuke wa ardhini unawapa zaidi ya theluthi moja ya umeme wao wote, na hauogopi ukame wala usiku. Bonde hilohilo la ufa linapita kwetu, na kule Mbeya, mahali paitwapo Ngozi, uchimbaji umeshaanza. Upepo tunao Mufindi, mradi mdogo wa Mwenga, megawati 2.4, lakini unazunguka. Jua, nisemeje? Jua la nchi hii ni la kugawa. Taa ndogo ya sola iliyolipiwa kidogo kidogo kwa simu imeshaua vibatari vijijini bila kelele yoyote, na ningependa kila mzazi aone daftari la mtoto aliyesomea sola halafu aone la yule wa kibatari. La kibatari lina doa la mafuta kila kona.

Sasa swali la kuulizia. Machi 2024, baada ya bwawa jipya kuanza, vituo vitano vya maji vilizimwa kwa muda. Mnajua kwa nini? Umeme ulizidi mahitaji! Nchi iliyokuwa inalia mgao ilikuwa na umeme usio na wa kuutumia. Na hapa stesheni yetu inaingia treni ya umeme, kama kilomita 200 kutoka Dar es Salaam, tangu Juni 2024. Treni nzima na abiria wake inavutwa na umeme wa mito yetu, na ng'ambo ya reli mama yuko uani anapepea mkaa kwa mfuniko wa ndoo. Umeme unazidi kule, moshi unazidi huku! Kinachokosekana kati ya viwili hivyo ni nini?

Mnanijibu wote kwa pamoja, ngoja nisikie mmoja mmoja.

Mama pale anasema: bei. Ana haki, nitamjibu kwa kimita. Dada huyu anasema: "Umeme unakatika." Kweli, unakatika. Usitupe jiko lako la mkaa, liwe banifu, lile lenye udongo ndani, likae la akiba. Mwingine anasema ana mtungi wa gesi. Vizuri sana. Gesi ya mtungi inatokana na mafuta ya chini ya ardhi, haina marejesho, na yote tunaagiza nje. Lakini jikoni haina moshi, haikati mti, na mtoto anakunywa uji mapema. Mwenye mtungi namwambia endelea. Nitakuwa mtu wa ajabu nikimhukumu mama kwa mtungi wakati dunia inachoma makaa ya mawe kwa meli. Mwenye ng'ombe wawili au watatu pale Mzumbe au Mlali, ulizia habari ya mtambo wa samadi: gesi ya kupikia inatoka zizini, na mbolea inabaki.

Na wewe mama wa kitenge cha kijani, rudia, wa nyuma hawajasikia. Anasema: "Mwalimu, mimi mpangaji. Tuko sita kwenye LUKU moja, mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Mwenye nyumba amekataza jiko la umeme na pasi, anasema tutagombana."

Mama, umesema neno kubwa kuliko yote yaliyosemwa hapa leo, na nimesikiliza hotuba nyingi za nishati ambazo hazikuligusa. Mji huu umejaa wapangaji. Bwawa limejengwa kwa matrilioni, halafu linakwama kwenye ugomvi wa LUKU ya uani! Sasa tazameni kimita hiki. Kinachomekwa ukutani, jiko linachomekwa juu yake, na kinahesabu ulichokula wewe peke yako. Jioni unamwonyesha mwenye nyumba: uniti zangu hizi, fedha yangu hii. Naomba vikundi vyenu vinunue vimita hivi na kuviazimisha, na viongozi waende na mpangaji kuongea na mwenye nyumba. Ninyi mmezoea kuketi na watu kwenye masuala ya fedha. Hili mnaliweza kuliko mhandisi yeyote. Na wale wenye umeme wa bei ya chini, ule wa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, najua mnaogopa kuvuka. Pigeni hesabu kabla hamjaogopa.

Neno kwa wauza mkaa, maana nawaona, na wengine mmenisomeshea wajukuu kwa michango yenu. Sikuja kuwafukuza mjini. Yule kijana wangu wa tanuru nilimuuliza angefanya nini kama angepata mtaji, akasema nyuki. Mzinga unataka mti ulio hai. Kikundi kinachokopesha mtu mizinga kumi kimelinda vilima kuliko askari wa misitu, na anayeuza mkaa leo anaweza kuwa wakala wa majiko na vimita kesho, kwa sababu wateja anao, kila nyumba inamjua, na anajua nani halipi.

Mmesikia mlio huo? Limemaliza. Tumeongea pamoja na maswali yenu karibu saa nzima, na nadhani liliiva zamani likawa linatungoja. Mweka hazina, njoo. Achia presha kwanza, uso mbali, taratibu. Fungua. Wape walio mbele waminye kwa kidole. Limekuwaje? Limepondeka. Sasa soma kimita, usinisaidie, soma kilichopo.

Sifuri nukta tatu moja.

Hiyo ni chini ya theluthi moja ya uniti. Kwa bei ya kawaida, uniti kama shilingi 350, maharage haya yamekula shilingi 110 hivi. Mama uliyesema bei, nusu kilo ya maharage kwa mkaa unatia wa shilingi ngapi? "Buku." Wengine? "Buku jero!" Nimesikia. Katibu, naomba liandikwe kwenye daftari lilivyosemwa, buku na buku jero, na mbele yake shilingi 110.

Jiko hili nililinunua kwa 180,000. Siligawi, kikundi hakijengwi kwa bure. Naliacha kwa mweka hazina pamoja na kimita. Litakaa wiki moja nyumba moja, wiki ya pili nyumba nyingine, na kila mwenye nyumba aandike alichopika na uniti zilizotoka, hata siku umeme ulipokatika aandike. Baada ya wiki 12 leteni daftari hilo kikaoni, muamue wenyewe kama kikundi kikopeshe majiko, na marejesho yawe yale ya buku mbili mliyokuwa mnampa mkaa.

Wiki ya kwanza liende kwa mama wa kitenge cha kijani. Mwenyekiti na mimi tutafuatana naye leo jioni kwa mwenye nyumba wake. Wanangu wa mlangoni, leteni sahani, na mmoja aonje chumvi.